Kompyuta Nzito Bila Sababu ya Wazi: Usawazishaji wa Faili Mtandaoni Unavyopunguza Kasi na Kumaliza Bando

KUENEA kwa huduma za Serikali zinazotolewa kwa njia ya mtandao kumeifanya kompyuta kuwa chombo ambacho mwananchi hawezi kukikwepa, hata yule asiyemiliki ya kwake. Maombi ya ajira hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo, leseni ya biashara huombwa kupitia TAUSI, na zabuni za umma hutangazwa katika mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Kwa sehemu kubwa huduma hizo zina saa ya mwisho. Mwombaji ambaye kompyuta yake inachukua dakika tano kufungua faili moja ya cheti, saa moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa, hapati nafuu yoyote kwa kueleza kwamba kosa lilikuwa la mashine.

Mara nyingi lawama ya kwanza huangukia mtandao wa simu, ya pili virusi na ya tatu umri wa kompyuta. Sababu hizo zote zipo na zinapaswa kuchunguzwa. Ipo hata hivyo nyingine ambayo haionekani kwa macho: programu ya kuhifadhi faili mtandaoni, inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya programu nyingine, ikisoma kila kilichomo katika folda za mtumiaji na kukipeleka kwenye hifadhi ya wingu. Mwenye kompyuta huenda hakumbuki kuiwasha, na katika hali nyingi ni kweli kwamba hakuiwasha kwa kujua.

Programu zenyewe na namna zinavyoingia

Neno wingu limewachanganya wengi kwa kuwa linaashiria kitu kinachoelea hewani. Kinachozungumziwa ni kompyuta za kawaida, kubwa na nyingi, zilizowekwa katika majengo ya kampuni inayotoa huduma, pengine katika bara jingine. Dropbox ilianzishwa Marekani mwaka 2007 na Drew Houston pamoja na Arash Ferdowsi. Mwaka huohuo Microsoft ilianza huduma ya SkyDrive, ambayo mwaka 2014 ililazimika kubadilishwa jina na kuitwa OneDrive kufuatia mgogoro wa alama ya biashara na kampuni ya televisheni ya Sky ya Uingereza. Apple ilitoa iCloud mwaka 2011 na Google ikafuata na Google Drive Aprili 2012. Kiwango kinachotolewa bure hutofautiana: Dropbox hutoa GB 2, OneDrive na iCloud GB 5 kila moja, na Google GB 15.

Kazi inayofanywa na programu hizi huitwa usawazishaji. Programu hulinganisha folda iliyo katika kompyuta na nakala yake iliyo mtandaoni, na badiliko lolote linalofanyika upande mmoja hupelekwa upande wa pili. Barua iliyoandikwa ofisini husomwa nyumbani. Kompyuta ikiibwa, ikiungua au diski yake ikifa, faili hubaki. Faida hiyo si ndogo, na ndiyo sababu ushauri wa kuziondoa programu hizi moja kwa moja, ambao hutolewa na baadhi ya mafundi kama tiba ya kwanza, haufai kupokelewa bila kufikiriwa.

Tatizo huanzia katika namna huduma inavyowashwa. Kompyuta mpya yenye Windows 11 humtaka mtumiaji aingie kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa kwa mara ya kwanza. OneDrive tayari imo ndani. Katika hatua za maandalizi hayo, ambazo wengi huzipita kwa kubofya tu kitufe cha kuendelea, folda tatu huweza kuwekwa chini ya usawazishaji: ya eneo-kazi, yaani skrini ya mbele yenye ikoni, ya nyaraka na ya picha. Kwa mtumiaji wa kawaida folda hizo tatu ndizo kompyuta yenyewe, kwa kuwa hakuna mahali pengine anapohifadhi kitu. Akihamishia humo picha za simu za miaka mitatu na video za harusi ya ndugu, programu huanza mara moja kuzipandisha zote mtandaoni, na GB 5 za bure hujaa kabla hata ya robo ya kazi kukamilika.

Kinachoifanya mashine kuwa nzito

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa kazi inafanyika mtandaoni, kinachoathirika ni intaneti pekee. Kwa kompyuta nyingi zinazotumika nchini, hasa zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika, anayeumia kwanza ni diski.

Diski za zamani huhifadhi taarifa katika sahani zinazozunguka, na kichwa cha kusomea husogea kutoka sehemu moja kwenda nyingine kutafuta kila kipande. Diski ya aina hiyo inaweza kusoma faili moja kubwa kwa kasi ya kuridhisha, lakini inapotakiwa kurukaruka kati ya faili ndogo nyingi, hutekeleza takribani hatua mia moja tu kwa sekunde. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, zinazojulikana kama SSD, hutekeleza makumi ya maelfu. Usawazishaji ni kazi ya kurukaruka kwa asili yake: programu lazima ipitie orodha ya faili zote, iangalie tarehe ya kila moja, isome zilizobadilika na kuandika kumbukumbu zake. Ndiyo maana kompyuta huweza kuonesha kwamba diski inatumika kwa asilimia 100 wakati kiasi cha taarifa kinachosomwa ni kidogo mno. Diski haijazidiwa na uzito wa mzigo. Imezidiwa na safari.

Faili moja pia haisomwi mara moja. Programu ya usawazishaji huisoma ili kutambua kama imebadilika. Programu ya kuzuia virusi, ikiona faili imeguswa, nayo huifungua kuikagua. Huduma ya Windows inayotengeneza faharasa ya utafutaji huweza kufuata kwa zamu yake. Picha elfu kumi hugeuka kuwa usomaji elfu thelathini, na katikati ya msongamano huo mwombaji anajaribu kufungua barua yake ya maombi ya kurasa mbili. Microsoft yenyewe hushauri watumiaji wa OneDrive wasisawazishe zaidi ya faili 300,000 kwa jumla iwapo wanataka huduma ifanye kazi vizuri, na idadi hiyo haiko mbali kama inavyoonekana kwa ofisi iliyokusanya nyaraka kwa miaka kumi.

Upande wa intaneti una fumbo lake. Watu wengi hupima mtandao kwa kasi ya kupakua, ilhali usawazishaji wa mara ya kwanza hutumia zaidi njia ya kupakia, ambayo kwa kawaida ni nyembamba. Faili zenye jumla ya GB 20 zikipelekwa kwa kasi ya kupakia ya Mbps 2 huchukua zaidi ya saa 22 bila kukatika. Hesabu hiyo huwashangaza wengi kwa sababu kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti na ukubwa wa faili kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane.

Kinachotatiza zaidi ni kwamba njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua hudorora. Kila kifurushi cha taarifa kinachofika kwenye kompyuta kinahitaji jibu dogo la kuthibitisha kwamba kimepokelewa, na jibu hilo hupita njia ileile ya kupakia. Hali hiyo inafanana na ghala lenye geti moja la kutokea. Malori yaliyobeba shehena yakilijaza, mwendesha bodaboda aliyebeba stakabadhi tu hawezi kutoka, na msambazaji ambaye hajapata stakabadhi hatumi mzigo mwingine. Mwananchi huona ukurasa wa tovuti ya Serikali ukizunguka bila kufunguka na kuhitimisha kuwa mfumo umezidiwa. Pengine umezidiwa kweli, lakini inafaa ahakikishe kwanza kwamba si geti lake mwenyewe lililojaa.

Kwa anayetumia bando la simu, GB 20 hizo zina bei. Kifurushi kilichonunuliwa asubuhi kwa ajili ya kujaza fomu huweza kwisha kabla ya fomu kutumwa, na hakuna ujumbe unaoeleza kimekwenda wapi.

Namna ya kubaini

Katika kompyuta zenye Windows, hatua ya kwanza ni kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha la Task Manager hufunguka na kuonesha programu zote zinazofanya kazi pamoja na safu nne za kuangaliwa: prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Mtumiaji akibofya kichwa cha safu ya diski, programu zinazoitumia zaidi hupanda juu ya orodha. Akibofya safu ya mtandao, vivyo hivyo. Inafaa kusubiri dakika mbili au tatu, kwa kuwa karibu kila kompyuta huwa na pilikapilika mara tu baada ya kuwashwa na picha ya sekunde tano hupotosha. Iwapo Microsoft OneDrive, Google Drive au Dropbox inabaki juu ya orodha, mshukiwa amepatikana.

Tahadhari inahitajika hapa. Wakati mwingine kinachoonekana juu ni programu ya kuzuia virusi ya Windows, nayo kwa kweli inafuata tu nyayo za programu ya usawazishaji. Mtumiaji anayeizima kwa kudhani ndiyo adui huondoa ulinzi na kuacha chanzo mahali pake. Kwa wanaotumia kompyuta za Apple, dirisha linalofanana na hilo huitwa Activity Monitor, na kazi ya iCloud Drive huonekana humo kwa jina la ajabu la bird. Si virusi, ingawa jina lake limewatia wengi wasiwasi.

Kuona jina kwenye orodha hakutoshi kuthibitisha. Jaribio la uhakika ni kusitisha usawazishaji kwa muda na kuona kama kompyuta inapata nafuu. Kwa OneDrive, mtumiaji hubofya ikoni ya wingu iliyo upande wa kulia wa mstari wa chini wa skrini, kisha alama ya gia, na kuchagua palipoandikwa Pause syncing. Programu humpa muda wa saa 2, 8 au 24. Google Drive na Dropbox zina kitufe cha aina hiyo katika ikoni zao. Kompyuta ikiwa nyepesi ndani ya dakika chache, jibu limepatikana. Isipobadilika, usawazishaji hauna hatia na uchunguzi urudi kwa washukiwa wengine: kumbukumbu ndogo, masasisho ya Windows yanayopakuliwa, kivinjari kilichofunguliwa kurasa arobaini, au diski inayokaribia kufa. Kwa mwombaji aliyebakiwa na saa moja, jaribio hili ndilo pia huduma ya kwanza. Asitishe, atume maombi yake, na tiba kamili aifanye kesho.

Tiba inayodumu

Iwapo usawazishaji ni wa mara ya kwanza, tiba bora mara nyingi ni subira. Kazi hiyo kubwa hufanyika mara moja, na baada ya hapo programu hushughulikia mabadiliko machache ya kila siku. Kompyuta inaweza kuachwa usiku kucha ikiwa imeunganishwa na umeme na intaneti isiyo na kikomo, huku ikizuiwa kulala, kwa sababu kompyuta ikilala usawazishaji nao hulala.

Pale ambapo haiwezekani kusubiri, kasi inaweza kuwekewa mpaka. Mipangilio ya OneDrive na ya Google Drive humruhusu mtumiaji kuweka kiwango cha juu cha kupakia na cha kupakua, kwa kilobaiti kwa sekunde. Mwenye kasi ya kupakia ya Mbps 2 ana takribani kilobaiti 250 kwa sekunde. Akiweka mpaka wa 125, nusu ya njia hubaki wazi kwa shughuli nyingine. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, lakini kurasa zitafunguka.

Anayetumia intaneti ya simu anapaswa kuiambia Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Katika mipangilio ya mtandao husika ipo swichi ya Metered connection. Ikiwashwa, OneDrive husitisha usawazishaji yenyewe kila kompyuta inapounganishwa na simu hiyo na kuendelea inapopata mtandao mwingine. Ni swichi moja, huwashwa mara moja, na kwa mwananchi anayenunua bando la siku huenda ndiyo hatua yenye faida kuliko zote zilizotajwa katika makala haya.

Hatua inayofuata ni kuchagua kinachostahili kusawazishwa. Vyeti, mikataba, hesabu za biashara na picha za familia zinastahili nakala ya akiba. Filamu na faili za kusakinisha programu hazistahili. Zipo pia faili ambazo hazifai kuwekwa humo kwa sababu hubadilika muda wote: hazina za barua pepe za Outlook, na kanzidata za programu za uhasibu zinazofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Kila zinapoguswa programu huona kazi mpya, na zikishikwa na programu mbili kwa wakati mmoja huweza kuzaa nakala mbili zinazopingana. Mhasibu wa duka anayekuta vitabu viwili vya mauzo ya siku moja, kila kimoja na jumla yake, ana tatizo kubwa kuliko kompyuta nzito. Kwa sababu hiyohiyo folda moja isikabidhiwe kwa huduma mbili. Anayependa Google Drive azime ulinzi wa folda hizo katika OneDrive, au kinyume chake.

Kuzima huko kuna mtego uliowatoa watu jasho. Mtumiaji anapoiambia OneDrive iache kushughulikia folda ya eneo-kazi, faili zilizokwisha kupelekwa huweza kubaki ndani ya folda ya OneDrive, na skrini ya mbele ikaonekana tupu. Hakijapotea kitu. Faili zifunguliwe kutoka folda ya OneDrive na kurudishwa mahali pake, kwa utulivu, kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kosa linaloumiza ni la kufuta. Mtu anayetaka kupunguza mzigo huingia kwenye folda inayosawazishwa na kufuta faili za zamani, akiamini kwamba mtandaoni zipo. Usawazishaji hupeleka kila badiliko upande wa pili, na kufuta ni badiliko. Faili hutoweka kwenye kompyuta, mtandaoni na kwenye kila kifaa kilichounganishwa na akaunti hiyo. Hubaki katika kapu la taka la mtandaoni kwa siku 30 kwa akaunti binafsi za OneDrive na za Google Drive, kisha huondolewa. Anayetaka kuachia nafasi kwenye diski bila kupoteza faili atumie amri maalumu: katika OneDrive hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Free up space. Faili hubaki mtandaoni na alama yake hugeuka kuwa wingu la bluu. Ile yenye alama ya tiki ya kijani imo pia ndani ya kompyuta. Tofauti ya alama hizo mbili inafaa ijulikane kabla ya safari ya kwenda mahali pasipo na mtandao, kwa sababu faili yenye wingu la bluu haitafunguka huko.

Alama hiyohiyo ndiyo inayofanya uondoaji wa programu kuwa jambo la kufikiriwa. Fundi akiitenganisha OneDrive na kompyuta, faili zilizokuwa mtandaoni pekee hazitaonekana tena kwenye mashine. Bado zipo katika akaunti, lakini mwenye akaunti aliyesahau neno la siri hataweza kuzifikia, na wapo wengi waliofungua akaunti hiyo siku ya kununua kompyuta na hawajawahi kuitumia tena.

Ikitokea programu imekwama, ikizunguka siku nzima bila kumaliza, jambo la kwanza kuangalia ni kama hifadhi imejaa. Hifadhi ikijaa faili mpya hazipandi tena, na kompyuta inaweza kubaki na foleni isiyokwisha. Kwa watumiaji wa Google kujaa huko kuna athari nzito zaidi, kwa kuwa GB 15 zinagawanywa kati ya faili, picha na barua pepe za Gmail. Zikijaa, anwani hiyo haiwezi kutuma wala kupokea barua. Mwombaji wa ajira ambaye simu yake inapandisha video kila siku anaweza kukosa wito wa usaili uliotumwa kwa barua pepe, na asijue kamwe kwamba ulitumwa. Kuangalia kiwango cha hifadhi kilichobaki kunafaa kuwa sehemu ya maandalizi ya maombi, kama ilivyo kuhakiki namba ya simu.

Kwa kompyuta ya zamani yenye diski inayozunguka, hatua hizo zote hupunguza maumivu bila kuponya. Kubadilisha diski na kuweka SSD huleta mabadiliko ambayo hakuna mpangilio wa programu unaoweza kuyafikia, na fundi mwaminifu hulisema hilo mapema kabla ya kutoza fedha za kusafisha kompyuta mara tatu. Kabla ya kununua ni vyema kuuliza pia kama mashine inapokea Windows 11, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10, ikiwemo masasisho ya usalama ya bure, ulikoma Oktoba 14, 2025.

Kompyuta ya steshenari

Sehemu kubwa ya wananchi hukamilisha maombi yao katika maduka ya steshenari, na huko usawazishaji si suala la kasi pekee. Mteja hufika na kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule; mhudumu huviskani na kuvihifadhi kwenye skrini ya mbele kwa kuwa ndipo pa haraka. Kama kompyuta hiyo imeunganishwa na akaunti ya mtandaoni ya mwenye duka, au ya mwenye kompyuta wa awali aliyeiuza bila kuisafisha, nakala za nyaraka hizo huweza kuwa zimeshapanda kwenye akaunti ya mtu mwingine kabla mteja hajalipa. Mhudumu akizifuta mbele ya mteja kwa nia njema, bado hukaa katika kapu la taka la mtandaoni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawawekea wajibu wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, ina masharti kuhusu usafirishaji wa taarifa hizo nje ya nchi, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuisimamia. Mwenye duka anayetaka kuwa salama azime usawazishaji wa folda hizo katika kompyuta za wateja, na kazi za wateja azihifadhi katika folda iliyo nje ya OneDrive inayosafishwa kila jioni. Mteja kwa upande wake anaweza kuomba nyaraka zake zihifadhiwe moja kwa moja kwenye flashi yake. Akifungua akaunti yake mwenyewe katika kompyuta ya duka na Windows ikamuuliza kama akaunti hiyo itumike katika programu zote za kompyuta, akatae na kuruhusu programu hiyo moja tu, kisha atoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka.

Kwa watumishi wa umma wajibu ni mkubwa zaidi. Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Serikali inayo mifumo yake ya barua pepe na ya ofisi mtandao kwa ajili ya nyaraka za kazi. Mtumishi anayeingiza akaunti yake binafsi kwenye kompyuta ya ofisi huweza kuanza kuzihamisha nyaraka hizo kwenda kwenye hifadhi yake mwenyewe bila kubofya popote palipoandikwa tuma. Kompyuta ya ofisi inapokuwa nzito na Task Manager ikaonesha programu ya hifadhi binafsi juu ya orodha, taarifa ifike kwa ofisa TEHAMA wa taasisi kabla ya kumwita fundi wa nje.

Kwa aliyesitisha usawazishaji ili kuwahi dirisha la maombi, limebaki jambo moja la kukumbuka. OneDrive hurudi kazini yenyewe muda uliochaguliwa ukiisha. Google Drive husubiri mtumiaji airuhusu tena, na hadi atakapofanya hivyo faili zote anazoandika zitakuwa katika kompyuta yake peke yake.